Kutu ndani ya bomba kavu: anayeilisha ni kompresa

Swali: “Shikamoo Mhandisi. Nasimamia matengenezo kwenye ghala la samaki hapa Mombasa. Tuna friza mbili za nyuzi 20 chini ya sifuri na korido ya kupakia mizigo. Sprinkla zetu za kuzima moto ni za mfumo mkavu, mabomba ya GI (chuma kilichopakwa zinki), yalifungwa mwaka 2017. Tangu mwaka juzi kazi yetu ni kuziba matundu. Hadi leo tumefunga klampu 11. Kampuni inayotuhudumia inasema ni bakteria wa kwenye maji. Inataka tununue dawa ya kumimina mabombani, kisha tubadilishe vipande vilivyooza kwa GI mpya. Bosi naye anauliza: mfumo usio na maji unaotaje kutu? Nimekosa la kumjibu. Tufanyeje?”

Marahaba, mdogo wangu. Bosi wako kauliza swali zuri kuliko majibu mliyopewa, kwa hiyo naanza na lake.

Jina “mfumo mkavu” linadanganya. Maana yake ni kwamba maji yanasubiri nyuma ya vali kavu, kwenye chumba chenye joto, na mabomba yanayokwenda frizani yamejazwa hewa yenye presha ili maji yasiingie yakaganda. Moto ukifungua sprinkla hewa inatoka, presha inashuka, kibamba cha vali kinainuka, maji yanafuata. Ila kabla hamjakabidhiwa, mfumo huohuo ulijazwa maji ukapandishwa hadi PSI 200 (PSI ni kipimo cha presha) kwa saa 2 kutafuta uvujaji. Halafu vali ikafyatuliwa kwa majaribio, maji yakapita mara ya pili. Mkandarasi akafungua vali ya kutolea, maji yakamwagika mpaka yakawa matone, watu wakapeana mikono wakaondoka.

Yaliyobaki ndiyo yanayokula bomba. Ukikata bomba lililofungwa kwa kapulingi (viungio) za mfuo, ule mfuo unaotengenezwa kwa kubanwa na roli, utaona chuma kimesukumwa kwa ndani kikawa tuta. Nyuma ya kila tuta kuna kidimbwi. Vivyo hivyo pale bomba lilipolegea kati ya hanga mbili zinazolishikilia, na pale fundi alipolinyoosha sawasawa na pimamaji kana kwamba anafunga rafu ya vyombo. Bomba la mfumo mkavu linatakiwa kuinama. Kiwango cha NFPA 13 cha Marekani, kinachohusu ufungaji wa sprinkla, kinataka mteremko wa milimita 4 kwa kila mita kwenye matawi, na milimita 2 kwa mita kwenye bomba kuu. Bomba kuu likipita sehemu ya majokofu nalo linataka 4. Yaani mita 10 za tawi zishuke sentimita 4. Jumamosi moja panda darini na kamba na pimamaji, upime tawi moja baada ya jingine kwenda kwenye toleo la maji. Sijawahi kukuta jengo ambalo matawi yote yalipita mtihani huo.

Sasa nikuulize jambo ambalo hukuliandika: hizo klampu 11 ziko wapi? Nakisia nyingi haziko ndani ya friza. Ziko darini, juu ya paneli zinazohami friza, na kwenye korido ya kupakia. Kwa nyuzi 20 chini ya sifuri maji ni barafu, na barafu hailishi kutu kwa kasi yoyote ya maana. Ila dari ya juu ya paneli hapo kwenu mchana ni tanuri, na kidimbwi cha maji ya vuguvugu chini ya hewa yenye presha ni shamba zuri la kutu. Kama nimekisia sawa, hilo peke yake linakwambia ugonjwa unaishi upande wa joto. Upande wa baridi una ugonjwa wake mwingine, nitaufikia.

Kutu inataka vitu vitatu: chuma, maji na oksijeni. Chuma huwezi kukiondoa. Maji utayapunguza lakini hutayamaliza. Watu wengi husahau cha tatu kwa sababu hakionekani, na kumbe ndicho kinachopimika kirahisi kuliko vyote. Tufanye hesabu pamoja.

Chukulia mabomba yako yote kwa ndani yana mita za ujazo 1.5, yaani lita 1,500. Hewa imewekwa PSI 40. Ukijumlisha na uzito wa hewa ya kawaida inayotuzunguka, ndani ya bomba kumeshindiliwa hewa mara 3.7 ya ile unayovuta puani. Asilimia 20.9 yake ni oksijeni. Kwa joto la nyuzi 30, kila mita ya ujazo wa bomba imebeba takriban kilo 1 ya oksijeni, hivyo mfumo wako mzima una kilo 1.5. Gramu 1 ya oksijeni, ikimalizia kazi yake yote, inageuza gramu 2.3 za chuma kuwa kutu. Kwa hiyo wakati wowote ule bomba lako limebeba chakula cha kutosha kula kilo 3.5 za chuma chake lenyewe. Na presha inaisukuma oksijeni iyeyuke zaidi majini: maji ya nyuzi 30 yaliyo wazi hubeba kama miligramu 7.5 kwa lita. Kidimbwi kilicho chini ya PSI 40 kinaweza kubeba karibu 28.

Kilo 3.5 zikitawanyika bomba zima si kitu, ungeishi nazo miaka mingi. Shida ni mbili. Kwanza, hazitawanyiki, zinaliwa pale penye kidimbwi tu, hasa kwenye ule mstari ambapo maji yanakutana na hewa. Ndiyo maana matundu yako hayako kila mahali, yako tumboni mwa bomba, yaani upande wa chini, na kando kidogo ya tumbo, yamepangana kama alama za surua. Pili, na hili ndilo ningependa ulikariri, oksijeni ile haiishi. Kama mfumo ungefungwa kweli, kutu ingekula akiba yake kisha ikafa njaa. Lakini mfumo unavuja, presha inashuka hadi 35, kompresa inaamka, inapandisha hadi 40, inalala. Kila inapoamka imepakua sahani nyingine.

Sahani hiyo ni kubwa kiasi gani? Kupandisha PSI 5 kwenye lita 1,500 kunataka karibu nusu mita ya ujazo ya hewa ya nje. Ndani yake kuna gramu kama 137 za oksijeni. Na kwa kuwa hewa hiyo ni ya Mombasa, tuseme nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, imebeba pia gramu 12 za maji. Kompresa ikiamka mara 6 kwa siku, hayo ni maji gramu 73 kwa siku, lita 2.2 kwa mwezi, na kwa mwaka yanakaribia lita 27. Mnaingiza ndoo nzima ya lita 20 na zaidi kwenye mfumo “usio na maji”, kijiko kwa kijiko, kila mwaka. Sehemu itanaswa kwenye tangi la kompresa ikiwa kuna mtu anayelikamua, na ukiwa mkweli nadhani hakuna. Sehemu itatoka tena na uvujaji. Inayobaki inatosha kabisa.

Hilo ndilo jibu la bosi: mfumo una maji, na nyinyi wenyewe ndio mnaoyatia, pamoja na oksijeni ya kuyasindikiza. Kikulacho ki nguoni mwako. Hapa nguo ni ile mashine inayonguruma pembeni mwa chumba cha vali.

Haya si mambo ya pwani peke yake. Taasisi ya VdS ya Ujerumani, ambako mifumo mikavu hukaguliwa kwa lazima ikifika miaka 12 na nusu, ilikuta asilimia 73 ya mifumo hiyo ina matatizo makubwa ya kutu. Ile ya maji muda wote, ambayo hukaguliwa ikifika miaka 25, ilikuwa asilimia 35. Bomba lililojaa maji tii lina oksijeni kidogo iliyonaswa, inaliwa, inaisha. Bomba nusu hewa nusu kidimbwi linakula kila siku.

Sasa GI. Najua utashangaa, lakini kama unabadilisha mabomba, mimi nisingekushauri kununua GI tena. Tabaka la zinki ni jembamba kuliko sehemu moja ya kumi ya milimita. Linalinda vizuri sana bomba la uani linalolowa mvua kisha likakauka jua, kwa sababu kule kulowa na kukauka kwenye hewa huru ndiko kunakolijengea zinki utando wake mgumu. Ndani ya bomba lililofungwa, chini ya kidimbwi kisichokauka, utando huo haujengeki. Zinki inaliwa pale penye maji, inatoboka, na kwa kuwa kwingine kote bado iko salama, ulaji wote unakusanyika kwenye kitobo kilekile na kuchimba kwenda chini. Bomba jeusi, lisilo na zinki, linaota kutu kwa upana, linachafuka, linatisha kuliangalia, lakini mara nyingi linachelewa kutoboka. GI inang'aa huku inatobolewa. Nimeona GI iliyovuja kabla ya mwaka wa 4. Yako imefika miaka kadhaa kabla ya klampu ya kwanza; ilijitahidi.

Pia angalia unene. Bomba la inchi 2 la Schedule 10 (Schedule ni daraja la unene) lina ukuta wa milimita 2.77, la Schedule 40 lina 3.91. La inchi 4 tofauti ni kubwa zaidi, 3.05 kwa 6.02. Wakandarasi hupenda Schedule 10 kwa sababu ni jepesi na linabanwa mfuo haraka. Halina kosa, lakini halina akiba.

Kuhusu bakteria sitamcheka mwenzangu wa hiyo kampuni, maana bakteria wanaokula chuma wapo kweli, na kwenye mifumo mingine wanaharibu. Lakini ukichota maji ya kidimbwi chochote ukayapeleka maabara, bakteria watapatikana. Kuwakuta hakuthibitishi kwamba ndio waliotoboa, kama vile kumkuta nzi kwenye samaki aliyeoza hakuthibitishi kwamba nzi ndiye aliyemuua. Kwenye mfumo mkavu wenye kompresa inayoamka kila mara, mshukiwa wa kwanza ni oksijeni. Halafu dawa yenyewe, kwenye bomba lisilojaa, itapita tumboni tu. Sehemu nyingine haitazigusa, na itaongeza maji mengine kwenye vidimbwi. Dawa nyingine zinaharibu gasketi, zile raba za kwenye viungio. Pesa hiyo ishikilie kwanza.

Nilisema upande wa baridi una ugonjwa wake. Nilifanya kazi miaka kadhaa Ghuba, na kwenye ghala moja la kuku wa kugandishwa tuliitwa kubadilisha sprinkla mbili tu. Geji zote zilisoma vizuri. Tulipofungua bomba la inchi 2 pale linapovuka paneli kuingia frizani, tulikuta gogo la barafu, jeupe, limeziba kipenyo chote kwa urefu wa mkono. Hewa yenye unyevu hutoka kwenye joto, ikifika kwenye baridi inaacha maji yake palepale mlangoni. Mita ya ujazo ya hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30 za mvuke. Ya nyuzi 20 chini ya sifuri haifiki hata gramu 1. Zote zilizozidi zinakuwa barafu, pete juu ya pete. Presha kule mbele ilikuwa imenaswa, ndiyo maana geji hazikulalamika. Moto ungewaka, friza ile isingepata tone. Kwa hiyo huyo kompresa anakulisha magonjwa mawili kwa mkono mmoja: kutu darini, barafu frizani. La pili ndilo linaloua.

Kwa hiyo kabla ya jambo lingine lolote, fungua bomba mahali panapovuka paneli, utazame. Kila chumba, si kimoja.

Halafu anza na kompresa. Funga mita ya kuhesabu saa za kuzunguka, au kama hamna, mpe mlinzi wa zamu daftari aandike kila inapowaka, siku 7 mfululizo. Namba hiyo ndiyo itakayokuongoza kuliko ripoti yoyote ya maabara. Kisha fanya jaribio la uvujaji: panga na wenye bima na wazimamoto wa ndani, funga hewa inayoingia, acha mfumo kwenye PSI 40 kwa saa 2. NFPA 25, inayohusu ukaguzi wa mifumo iliyokwisha kufungwa, inaruhusu kupoteza PSI 3 tu kwa muda huo, na inataka jaribio hilo kila miaka 3. Mfumo mpya hubanwa zaidi: PSI 40 kwa saa 24, usipoteze zaidi ya 1.5. Nitashangaa sana mkipita.

Uvujaji mwingi hautakuwa kwenye matundu ya kutu. Utaukuta kwenye nyuzi za skurubu za sprinkla, kwenye kapulingi ambazo raba yake imesinyaa kwa baridi, kwenye vali za kutolea maji, na kwenye vali ya kuzuia hewa isirudi hapo kwenye kompresa. Darini na kwenye korido tumia povu la sabuni. Frizani povu litaganda. Kodi kile kifaa cha kusikiliza sauti za juu ambazo sikio halisikii, kazi ya siku moja. Na usiikuze kompresa! Najua mtu atawashauri mnunue kubwa zaidi kwa sababu hii “haiwezi”. Kompresa kubwa inauficha uvujaji, basi, huku inapakua sahani kubwa zaidi.

Ukishaziba, ondoa maji yaliyomo. Kila sehemu ya chini inatakiwa iwe na mtego: kipande cha bomba kilichosimama kati ya vali mbili. Utaratibu wake ni huu, na uandike ubandike ukutani: funga vali ya juu, fungua ya chini, maji yatoke, funga ya chini, fungua ya juu, subiri maji mengine yashuke, rudia mpaka kusitoke kitu. Vali mbili zisiwe wazi kwa pamoja hata sekunde moja. Kijana mmoja, palepale Ghuba, alifungua zote mbili ili “imalizike haraka”. Presha ikaporomoka, vali kavu ikafyatuka, maji yakajaa hadi frizani, yakaganda humo. Mabomba yalipasuka kama chupa za soda zilizosahauliwa kwenye friji. Kazi ya dakika 10 iliwachukua wiki 3.

Palipo na bomba lililolegea au kuinama vibaya, rekebisha hanga au ongeza mtego. Hii ni kazi ya ngazi na spana, haina mvuto, kampuni haitakuandikia barua kuisifu, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote.

Jambo jingine la kwenu hasa: tangi lenu la maji ya kuzimia moto linajazwa na nini? Kama ni kisima, chukua sampuli. Visima vingi vya kisiwani na ufukweni vina maji ya chumvichumvi. Chumvi inachimba zinki na chuma kuliko maji matamu, na hata kidimbwi kikikauka haiondoki. Inabaki kwenye ukuta wa bomba, na unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 inavuta maji upya na kulowa yenyewe. Yaani umekausha bomba kazi bure. Mkiwa mmewahi kujaribu mfumo kwa maji hayo, suuzeni mabomba ya upande wa joto kwa maji matamu siku mtakapofungua, kisha yakaushwe. Na majaribio ya kufyatua vali yafanywe kwa namna ambayo maji hayafiki kwenye mabomba ya frizani. NFPA 25 inasema hivyo waziwazi kwa mifumo ya friza.

Tumefika kwenye hewa yenyewe. Una njia tatu.

Ya kwanza ni kuvuta hewa ya kompresa kutoka ndani ya friza badala ya chumba cha mashine. Bomba moja tu, lililovikwa kihami joto. Hewa ya friza ina chini ya gramu 1 ya maji kwa mita ya ujazo. Hata ukiishindilia mara 3.7 haifiki gramu 4. Ni ujanja wa zamani, umo kwenye viwango, na nashangaa kila ninapokuta ghala ambalo halikuutumia. Ya pili ni kikausha hewa chenye chembechembe za kunyonya unyevu. Kinafaa, mradi mtu azibadilishe zinapochoka, na hapo ndipo kinaposhindwa kwenye ghala nyingi. Zote mbili zinamaliza habari ya maji mapya. Lakini oksijeni iko palepale, asilimia 20.9, na vidimbwi vya zamani vipo. Zitaiokoa friza na barafu. Dari itaendelea kutoboka, ingawa polepole. Njia yoyote mtakayochagua, bomba la hewa linaloingia sehemu ya baridi liwe na vipande viwili sambamba vinavyofunguka, kila kimoja kama mita 2, ili kimoja kikiziba barafu utumie kingine huku unalikagua la kwanza.

Ya tatu ni naitrojeni. Hewa tunayovuta tayari ni naitrojeni asilimia 78; tunachofanya ni kuiondolea oksijeni hadi ibaki asilimia 2 au chini. Maji yakikutana na gesi hiyo yanakaa tu. Hata oksijeni iliyokwisha kuyeyuka kidimbwini hutoka taratibu kufuata gesi iliyo juu yake. Na kwa kuwa naitrojeni ya mashine au ya mtungi ni kavu sana, inamaliza kutu na barafu kwa pamoja. Matoleo ya karibuni ya NFPA 13 yanaitambua hadi kwenye hesabu: mfumo mkavu wa chuma hukokotolewa kwa namba C (namba ya ulaini wa bomba kwa ndani) ya 100, kwa sababu wanajua bomba litakuwa la kukwaruza ndani, lakini ukiwa na naitrojeni ya asilimia 98 inayosimamiwa unaruhusiwa 120. Bomba lilelile, kwa 100 huhesabiwa msuguano wa asilimia 40 zaidi kuliko kwa 120. Viwango haviwapi watu punguzo la namna hiyo kwa kupenda.

Mashine za kutengeneza naitrojeni ni za aina mbili, za utando na za chembe za kaboni. Kwa mfumo mdogo kama wenu yoyote inatosha, ya utando ni rahisi kuhudumia. Huwekewa tundu dogo la kupumulia kwenye mfumo, gesi mchanganyiko inatoka kidogokidogo huku safi ikiingia, na kwa muda wa wiki mbili hivi mfumo unafika asilimia 98. Mtu akikuuzia mashine bila kipima oksijeni cha mkononi, mrudishe akakilete.

Lakini huenda mashine si ya lazima. Kama mtaziba hadi kompresa iwe inaamka mara moja kwa wiki, mitungi itawatosha. Hesabu ni hii. Mfumo ukiwa hauna presha una hewa ya kawaida, oksijeni 20.9. Ujaze naitrojeni hadi PSI 40: oksijeni inashuka hadi 5.6. Uachie presha yote itoke, ujaze tena: sasa ni 1.5. Kila kujaza kunataka karibu mita 4 za ujazo, jumla kama 8. Mtungi wa lita 50 uliojazwa hadi bar 200 unakaribia mita 10. Mtungi mmoja, basi, mnene, wenye rekuleta (kidhibiti presha) nzuri, na wa pili wa akiba uliounganishwa kwa ajili ya kujazia. Kazi hii inafanywa vali kuu ya maji ikiwa imefungwa na vali kavu imetayarishwa, la sivyo mtajifyatulia wenyewe, na kwa saa zote hizo kuwe na watu wa zamu ya moto maana ghala halina ulinzi.

Tena, naitrojeni haina harufu, haina rangi, haimkohozi mtu. Usiachie hizo mita 4 ndani ya friza iliyofungwa wala kwenye chumba cha vali kisicho na dirisha. Peleka mpira nje. Oksijeni ya chumba ikishuka chini ya asilimia 19.5 chumba hicho hakifai kuingiwa, na ikishuka sana mtu anaanguka kabla hajahisi kitu. Mitungi ikae mahali penye upepo.

Kile ambacho naitrojeni haifanyi: hairudishi ukuta wa bomba. Mashimo yaliyochimbwa nusu yatabaki nusu. Kwa hiyo mabomba ya darini ambayo tayari yana klampu yabadilisheni, si klampu juu ya klampu, kwa bomba jeusi Schedule 40 kwenye sehemu za chini, likiwa na mteremko, na gasketi za aina inayojaza ile nafasi ya ndani ya kapulingi ili maji yasipate pa kukaa. Mengine yapimeni unene kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, tumboni na kando ya tumbo, si juu. Kifaa hicho kinapima nukta moja moja na kinaweza kupita kando ya shimo bila kuliona, hivyo ukipata nafasi ingiza kamera. Na kila miaka 5, kwa utaratibu, fungueni mwisho wa bomba kuu na sprinkla moja ya mwisho wa tawi, mtazame ndani. Magamba ya kutu yaliyolegea ni hatari kwa namna yake: siku ya moto maji yanayakokota yote kwa kishindo hadi kwenye tundu la sprinkla, ambalo si pana kuliko kidole.

Nimekumbuka: friza zenu zikiwa zinatumia amonia, angalia na sprinkla zenyewe. Shaba nyeupe inayokaa kwenye mvuke wa amonia huota nyufa bila kutu yoyote kuonekana. Hilo ni swali la siku nyingine, lakini usilisahau ukiwa juu ya ngazi.

Kwa sasa usisaini oda ya dawa wala ya GI. Nitumie vitu vitatu: hesabu ya kompresa ya siku 7, picha ya ndani ya bomba pale linapovuka paneli, na ile klampu yenu ya kwanza kabisa. Ikateni pamoja na sentimita 30 za bomba kila upande, msilioshe, mweke alama ya rangi upande uliokuwa juu. Nikiliona bomba hilo nitakwambia kama ni la kubadilisha mita 40 au jengo zima.